Video za theluji hazijui potopoto yetu

Wengi wenu mmeisha kuona ile aina ya video. Crossover moja, safi kama imetoka kuoshwa sasa hivi, imesimama chini ya kilima cheupe cha theluji. Mtu mwenye koti nene anaingia, anakanyaga mafuta, tairi za mbele zinazunguka bure sekunde moja ao mbili, halafu zile za nyuma zinashika na gari inapanda. Muziki unaanza, kamera inaruka juu, tunaona miti myeupe pande zote. Kisha analeta gari ya pili, yenye kusukumwa na magurudumu mawili tu. Inafika katikati, inashindwa, inarudi nyuma polepole kama mtu mwenye haya. Video imekwisha. Mtazamaji, aliyekaa Rwambuzi na simu yenye kioo kilichopasuka, amekwisha kununua gari ile kichwani mwake.

Nasema hivi juu mtazamaji huyo ni mimi. Nimetazama video hizo mingi sana, usiku, wakati mega ziko bei rahisi. Na moja kati yazo ni mimi niliyeituma kwenye gurupu yetu ya WhatsApp, na maneno haya chini: "Bandugu, hii njo gari ya kazi yetu." Tulikuwa watu saba, wote wenye lisansi, tunatafuta namna ya kufikia wakulima bila kulipa moto kila siku. Tulichanga, tukanunua crossover ya okazioni iliyotokea Japani. Jina la kampuni nitaliacha. Utaona mbele kwamba kosa halikuwa la gari.

Sasa kwenye mkutano ujao wa asosiasio yetu kuna pendekezo la kununua gari ya aina ileile kwa pesa ya michango, na nimeona yule aliyeleta pendekezo ametia video ya theluji kama ushahidi. Njo maana leo nataka kuzichambua video hizo vile tunavyochambua kitabu ao filme: zinasema nini, zinaficha nini, na kwa nini tunaziamini.

Nianze na haki yao. Wanachoonyesha ni kweli. Kwenye lami kavu tairi inashika kwa nguvu inayofikia karibu 0.7 ao 0.8 ya uzito unaoikandamiza. Kwenye theluji iliyokanyagwa inabaki kama 0.2 ao 0.3, na kwenye barafu inaweza kushuka mpaka 0.1 ao chini yake. Ukiwa na nguvu kidogo hivyo ya kushika, ni akili kugawanya kazi ya kusukuma kwa magurudumu manne kuliko kuyabebesha mawili. Gari inaondoka bila kuzunguka bure, inapanda. Na historia inawapa haki vilevile. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kampuni ya umeme ya Tohoku, kaskazini mwa Japani, ilikuwa inahitaji gari ya kufikisha wafanyakazi wake milimani wakati wa theluji, gari isiyochosha mgongo kama jeep. Kutokana na ombi lile Subaru ilitengeneza gari ndogo ya kawaida yenye kusukumwa na magurudumu yote, na mwaka 1972 ikatoa Leone ya 4x4. RAV4 ya Toyota ilifuata mwaka 1994. Kwa hiyo theluji iko ndani ya damu ya magari haya tangu mwanzo. Mtu anayeyasifu kwenye theluji hadanganyi.

Shida ni kwamba video inaanza gari ikiwa imesimama, na inaisha gari ikiwa inaendelea kwenda. Tazameni tena mkitaka. Ni kuondoka na kupanda, kuondoka na kupanda. Kushuka hakuna. Kona ya ghafla hakuna. Mbuzi anayevuka njia hakuna. Na sababu ni rahisi: gari yote, hata ile iliyoshindwa kupanda, iko na freni kwenye magurudumu manne. Wakati wa kufunga freni, 4x4 haiongezi kitu. Wakati wa kukata kona, ni karibu vilevile. Pale kinachofanya kazi ni tairi peke yake, mahali panapogusa chini, kila moja na nafasi isiyopita sana ukubwa wa kiganja cha mkono. Mbaya zaidi, gari inayoondoka vizuri inakudanganya: unafikiri njia inashika, unaongeza mwendo, na siku ya kusimama njo unajua ukweli.

Watu wa theluji wenyewe wanajua jambo hili. Someni sheria zao, si video zao. Québec, kule wako ndugu zetu wengi, sheria inalazimisha tairi za majira ya baridi kuanzia tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili mpaka tarehe 15 mwezi wa tatu. Sweden inazidai kuanzia tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili mpaka tarehe 31 mwezi wa tatu, kama njia iko na hali ya baridi. Ujerumani nayo inazidai kila mara njia ikiwa na theluji ao barafu. Hakuna hata moja kati ya sheria hizo inayosema: kama uko na 4x4, wewe pita. Serikali zinazozika watu kwa ajali za barafu kila mwaka zimeamua kusema juu ya tairi. Wauzaji wanasema juu ya 4x4. Mimi lisansi yangu ni ya agronomia, si ya mekaniki, lakini hapa hata mtoto anaweza kuchagua nani wa kuamini.

Sasa nielezee siku yetu, maana bila hiyo mtasema ninafundisha tu.

Ilikuwa mwezi wa kumi. Tulitoka Bunia asubuhi, watu wanne, tumebeba vifungo vya miti ya mihogo inayovumilia mozaiki, kupelekea wapandaji wa ng'ambo ya Iga Barrière. Mvua haikuwa kubwa. Ilikuwa ile manyunyu ambayo hata mama sokoni hafuniki nyanya. Kilima cha kwanza gari ilipanda bila kelele. Niligeuka nyuma nikawaambia wenzangu: "Munaona?" Kwenye kushuka, baada ya kilima cha pili, niligusa freni kidogo tu. Pedali ikatetemeka chini ya mguu, kumaanisha freni inajizuia isifunge magurudumu. Njia ikakata kushoto. Sisi tukaendelea mbele moja kwa moja, polepole, kama sabuni kwenye sinia, mpaka ndani ya mfereji. Mwendo wetu haukuzidi wa mtu anayekimbia. Hakuna aliyeumia.

Ndani ya mfereji gari ililala tumbo kwenye ukingo, gurudumu la mbele la upande mmoja na la nyuma la upande mwingine yakiwa hewani. Nilikanyaga mafuta. Yale ya hewani yakazunguka kwa furaha, yale ya chini yakatulia. Nikajaribu tena na tena. Baada ya dakika chache harufu ya kuungua ikatoka, taa ikawaka mbele yangu, na magurudumu ya nyuma yakaacha kazi kabisa. Motari mmoja akapita kando yetu na mama wawili na gunia la mkaa. Akatusalimia kwa heshima. Ile heshima iliniuma kuliko angelicheka.

Wanaojua njia ile wanajua kwa nini hakuna anayependa jua limshukie pale. Kila mmoja wetu alikuwa anatazama saa bila kusema neno. Saa tisa ikafika kamyo, Fuso ya zamani yenye kusukumwa na magurudumu ya nyuma tu, imejaa mbao. Shofere, mzee wa miaka kama sitini, alishuka, akazunguka gari yetu, akainama, akapitisha kidole kwenye tairi. "Agronome," akaniambia, "hii mipira yenu si ya huku. Hata mukitia magurudumu makumi mbili, itateleza tu." Akafunga kamba, akatuvuta. Hakutaka pesa, alikubali mikate miwili.

Miti ya mihogo tuliifikisha kisha siku tatu, imekauka. Mama mmoja kule alikuwa amekwisha kulima shamba na kulipa vibarua, mvua ya kupandia ikampita. Sehemu kubwa ya ile aliyopanda haikuchipuka. Tulimrudishia pesa ya miti. Msimu hatukuweza kumrudishia.

Usiku ule nilikumbuka maneno ya yule mzee, na nilifanya kitu nilichopaswa kufanya kabla ya kununua: nilitazama ubavu wa tairi kwa tochi ya simu. Kulikuwa na alama ndogo ya mlima wenye ncha tatu, na ndani yake chembe ya theluji. Tairi za majira ya baridi, safi kabisa, zimefika Bunia kutoka Japani na gari yake. Kule Japani tairi za misumari ziliachwa tangu sheria ya mwaka 1990, juu zilikuwa zinakwaruza lami na kujaza miji vumbi, kwa hiyo wanatumia tairi zenye mpira laini na mikato midogo mingi kama nyembe. Mpira ule umetengenezwa kubaki laini chini ya digri 7. Hapa kwetu mchana ni digri 25 na zaidi. Unalainika kupita kipimo, unaisha haraka, na gari inayumba kwenye kona hata njia ikiwa kavu.

Lakini joto si kosa kubwa. Kosa kubwa ni la udongo, na hapa ninaingia kwenye shamba langu.

Theluji inashika theluji. Ukitaka kujua, ulizeni mtu aliyeishi kule: mtoto anafinya theluji mkononi inakuwa mpira, anaviringisha chini mpira unakua. Tairi ya baridi inatumia tabia hiyo. Mikato yake inafungia theluji ndani, na theluji iliyo ndani ya tairi inashikana na theluji iliyo njiani. Tairi iliyojaa theluji inafanya kazi vizuri. Udongo wetu wa mfinyanzi ni kinyume. Mikato midogo ikijaa mfinyanzi wenye maji, tairi inakuwa laini pande zote kama chupa, na mfinyanzi juu ya mfinyanzi wenye maji ni mafuta tu. Kwenye potopoto unahitaji tairi yenye meno makubwa yaliyo mbalimbali, ili ikizunguka itupe udongo nje na kuuma tena. Kwa hiyo kile kinachofanya tairi kuwa nzuri kwenye theluji njo kilekile kinachotuua kwenye kushuka kwa Iga. Hakuna video hata moja niliyoona inayosema sentensi hiyo.

Na kwa nini manyunyu, si mvua kubwa? Njia yetu ya udongo mwekundu, ikikanyagwa na kamyo, chini inakuwa ngumu kama tofali. Mvua kidogo inalowesha milimita chache za juu tu. Unapata ngozi ya uteute juu ya sakafu ngumu. Tairi haiwezi kuzama ishike kitu, wala maji hayatoshi kuosha ile ngozi. Mvua ikinyesha saa nzima mara nyingine njia inakuwa afadhali, inaoshwa, mawe madogo yanatoka. Barafu nayo iko na tabia ya karibu na hiyo: inateleza zaidi ikiwa karibu na digri 0, wakati ukungu wa maji uko juu yake, kuliko ikiwa digri 20 chini ya sifuri. Hapo njo mahali pa kweli ambapo theluji ya kule na njia ya Ituri zinafanana, na ni mahali pa kuogopa, si pa kupiga muziki.

Kuna jambo lilinichekesha. Kipimo tunachotumia darasani kujua udongo unageuka lini kuwa wa kufinyangika, na lini kuwa uji, kilitengenezwa na Albert Atterberg, mkemia wa Sweden, mwanzoni mwa karne ya 20, kwa ajili ya kilimo. Mtu wa nchi ya theluji njo aliyetuachia hesabu ya potopoto. Unachukua udongo, unauviringisha mpaka uwe kama uzi wa milimita 3. Ukikatika kabla ya kufika pale, bado ni mkavu. Ukiviringika vizuri, uko kwenye hali ya kufinyangika: utanata kwenye tairi na utateleza. Nimefanya zoezi hilo mara ngapi kwenye laboratwari, na siku ile nilipita juu ya udongo uleule bila kushuka kuugusa. Yule mzee wa Fuso alishuka na kugusa tairi. Ni yeye aliyefanya agronomia.

Mekaniki nitaipitia haraka. Crossover nyingi zinaenda kwa magurudumu ya mbele. Ya nyuma yanaitwa tu wakati ya mbele yameteleza, kwa embriyaji ndogo inayoamriwa na kompyuta. Embriyaji ile ni ya msaada wa dakika moja kwenye theluji ya parking. Ikisaga dakika tano kwenye mfereji inapata moto na kompyuta inaikata ili isiungue. Kwenye RAV4 za kizazi cha tatu kuna kibonyezo cha kuifunga, lakini kinajifungua ukipita kilomita 40 kwa saa. Diferansieli, ile mashine ya kugawanya nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, ikiwa haina kufuli inapeleka nguvu kwa gurudumu lisilofanya kazi, na kompyuta inajaribu kusahihisha kwa kufinya freni. Tena hakuna vitesi vya chini kama vile vya Land Cruiser, vinavyozidisha nguvu karibu mara mbili na nusu na kukuruhusu kushuka kilima bila kugusa freni. Hicho cha mwisho kwangu kina thamani kuliko vingine vyote. Na tumbo: sentimita 20 zinatosha kwenye theluji ya mjini, lakini mifereji ya kamyo kwenye njia zetu haijui kipimo hicho.

Mtu atasema: basi 4x4 ya kweli, kubwa, njo jibu. Hapana, si haraka hivyo. Safari Rally ya Kenya ilikuwa inafanywa wakati wa Pasaka, majira ya masika, potopoto ya kutosha. Miaka ya 1980 Audi ilileta Quattro yenye kusukumwa na magurudumu yote, gari iliyokuwa inatisha Ulaya kwenye theluji. Lakini mwaka 1984, 1985 na 1986 Safari ilishindwa na Toyota Celica, gari ya magurudumu mawili ya nyuma. Björn Waldegård aliishinda mara mbili, Juha Kankkunen mara moja. Ushindi wa kwanza wa gari ya magurudumu yote ulikuja mwaka 1987 tu, na Hannu Mikkola kwenye Audi 200. Kabla yao Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, hapa jirani, aliishinda mara tano bila 4x4. Uimara, tairi, na shofere anayejua udongo utafanya nini mbele ya kona: hivyo njo vilishinda. Lakini ushindi wa aina hiyo haufanyi video nzuri ya dakika nane.

Niwe mwenye haki: ziko video chache nzuri. Niliona moja ambayo jamaa analinganisha gari ya magurudumu mawili yenye tairi za baridi na 4x4 yenye tairi za kiangazi, kwenye barafu, na anapima mita za kusimama. Ile ya magurudumu mawili inasimama mbele, na 4x4 inapita koni zote. Jamaa yule hana muziki. Maoni chini ni machache. Wauzaji wetu wa hapa, wao, wanapiga video gari ikiwa kwenye boulevard, wanafungua mlango, wanaonyesha kioo cha kompyuta, wanasema "iko 4x4, inapita fasi yote". Fasi yote! Theluji iliyo karibu na sisi ni ile ya Ruwenzori, Margherita, mita 5,109, na kule hata moto haifiki.

Kwa hiyo kwenye mkutano nitapinga pendekezo, namna lilivyoandikwa. Si kwamba crossover ni mbaya. Kwa mtu anayezunguka mjini na kwenda Kasenyi wakati wa jua, ni gari nzuri na mafuta yake ni kidogo. Ninataka tu pendekezo liseme kazi ya gari ni nini, kwenye njia gani, mwezi gani. Ninataka liandike bei ya tairi nne za meno makubwa ndani ya bei ya gari, si kama kitu cha kesho. Ninataka mtu atazame zile namba nne za mwisho ubavuni mwa tairi kabla ya kulipa: 3517 ni wiki ya 35 ya mwaka 2017, hata kama muuzaji anasema mpya. Liongezwe jembe, kamba, na mbao mbili. Na yule aliyeleta pendekezo, ambaye ni yaya wangu kwa umri na ninamuheshimu, akubali twende naye siku ya manyunyu mpaka pale kwenye kushuka, kwa moto, nimuonyeshe.

Gari yetu tuliiuza kwa hasara ya karibu theluthi moja. Mnunuzi alitaka tairi za kawaida, kwa hiyo tulizibadilisha kwanza. Zile mbili za mbele ziko bado kwetu, nyuma ya nyumba. Mama amezijaza udongo na kupanda lenga-lenga ndani. Alama ya theluji inaonekana bado ukiondoa majani.